Imam Ghazali: Mwanachuoni Aliyeikagua Nia Yake

Mwaka huu tumeona tuwaelezee maisha ya Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 (450 Hijria) mjini Tus, katika Iran ya leo.

Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini, akisokota nyuzi za sufu. Alipokaribia kufa aliwakabidhi wanawe wawili, Abu Hamid na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu awasomeshe. Fedha zilipokwisha, rafiki huyo aliwashauri waingie madrasa ili wapate chakula. Basi yatima huyu aliifuata elimu kwa sababu ya njaa.

Alisoma kwa Imam al-Juwayni huko Nishapur, na mwaka 1091 akawekwa kuwa mwalimu katika chuo cha Nidhamiyya, Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Hapo akaichunguza nia yake, akakuta anasomesha kwa kutafuta cheo na sifa. Kwa karibu miezi 6 alivutana na nafsi yake: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni anaghairi. Mwishowe, mwaka 1095, ulimi ukafungika asiweze kusomesha, na chakula hakipiti kooni. Matabibu wakasema maradhi yamo moyoni.

Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akaenda Sham kufanya ibada, kisha Baitul-Maqdis na Hija. Baadaye wito wa watoto wake ukamrudisha nyumbani.

Katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din alitaja mambo 7 yanayoleta kiburi: elimu, ibada, nasaba, uzuri, nguvu, mali na wingi wa wafuasi. Tazameni, elimu na ibada ndizo za mwanzo!

Jambo hili linatugusa sisi walimu. Mwanafunzi akitusahihisha mbele ya darasa, tunashukuru au tunanuna? Nanyi wazazi, mtoto akishinda mashindano ya Qur'ani, mnaifurahia Qur'ani au mnafurahi kwa kuwa majirani wamesikia? Nawe mwanafunzi unayejigamba kwa ukoo, umejivunia kazi ya babu zako. Yako iko wapi?

Imam alirudi kusomesha Nishapur mwaka 1106, safari hii akiwafundisha watu kukiacha cheo. Alifariki Tus mwaka 1111. Mwenyezi Mungu amrehemu, na azitakase nia zetu. Amin.