Sheikh Al-Amin na Ardhi Yetu

Hati ya kiwanja alichotuachia babu hapa Mji wa Kale haina ramani. Inataja mipaka minne tu, kibla, suheli, matlai na maghribi, na urefu wa kila upande kwa dhiraa, yaani toka kisugudi hadi ncha ya kidole. Kila niisomapo humkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa 1891, akafiwa na babake angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alipokuwa kijana ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Wenye ardhi Pwani walitakiwa kuidai rasmi. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza. Sorovea akaja na mnyororo wa futi 66 na bikoni zake. Mnazi na mwembe, mashahidi wa mpaka tangu zamani, havikutosha tena.

Sheikh alishika kalamu. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 Al-Islah, akiwakemea watu wake kwa kuuza mashamba na kutapanya mali harusini na matangani. Alikuwa kadhi wa Mombasa tangu 1932, kisha Kadhi Mkuu tangu 1937 hadi kufa kwake 1947.

Aliona mbali. Bikoni humlinda anayeishika ardhi yake; aliyeuza humfungia nje. Jamani, hati zilizolala sandukuni tuzitoe, tukazisajili, wazee waijuao mipaka wangali hai.