Apolo Kivebulaya: Mtumishi Aliyeendelea Kusikia

Hapa Dakawa, mpunga unapoanza kubeba, kazi kubwa ya familia ni kuamia ndege. Mtu hukaa shambani tangu alfajiri hadi jua linapozama, na baada ya siku chache sikio lake hubadilika. Malori yanapita barabara ya Dodoma, trekta linanguruma, redio ya jirani inaimba, naye hayo yote hayasikii. Lakini kundi la kwelea kwelea likipiga mabawa upande wa Wami, ameshasimama. Hakuna aliyemfundisha. Anasikia kwa sababu anajua watoto watakula nini akichelewa.

Mtu huyo huyo, Sabato asubuhi, anaweza kukaa darasani saa nzima, lesoni ikapitiwa mbele yake tangu sehemu ya Jumapili hadi ya Ijumaa, akatoka bila kusikia neno hata moja lililomhusu. Sikio ni lile lile.

Juma hili tunajifunza 1 Samweli 3. Jambo linalotisha katika sura hiyo ni kwamba aliyeshindwa kusikia hakuwa mtu wa duniani. Alikuwa Eli, kuhani, aliyelala na kuamka katika kazi ya nyumba ya Mungu. Mtoto ndiye aliyeitwa, na mzee alihitaji kuamshwa mara tatu kabla ya kutambua ni nani anayeita. Kwa hiyo tutazame maisha ya mtumishi mmoja wa Afrika Mashariki aliyefanya kazi ya kanisa karibu miaka arobaini, na uzeeni bado akawa anaitika kama Samweli.

Alizaliwa Buganda katika miaka ya 1860, pacha wa kwanza, akaitwa Waswa kama desturi ya Waganda inavyotaka. Utoto na ujana wake ulipita katika makelele mengi. Wakati huo ikulu ya Kabaka ilikuwa na walimu wa Kiislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, kila upande ukivuta watu. Waswa alimsikia Alexander Mackay, mmishonari fundi, akifundisha, na mafundisho yale yakamgusa. Lakini hayakuzaa kitu wakati huo. Alikaa na Waislamu, akawa askari katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, akazoea pombe na bangi. Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard uliokwenda Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Kwa miaka hiyo yote Neno lilikaa ndani yake kama mbegu iliyoanguka penye miiba.

Mwishoni mwa mwaka 1893 kanisa la Buganda lilipata uamsho, na inafaa tujue ulianzia wapi. George Pilkington alikuwa mmishonari hodari wa lugha, aliyeshika kazi ya kutafsiri Biblia katika Kiganda. Kila siku alishinda na Maandiko mikononi. Hata hivyo alijiona mkavu, akajitenga katika kisiwa cha Kome ndani ya Ziwa Victoria, na huko akatambua kwamba amekuwa akiifanya kazi ya Mungu kwa nguvu zake mwenyewe. Aliporudi aliungama hadharani mbele ya waumini. Fikirini hilo darasani: mtafsiri wa Biblia aliyehitaji kusikia tena yale aliyokuwa akiyatafsiri. Kutokana na ungamo lile watu wengi waligeuka, na katika miaka iliyofuata Waganda wengi walijitoa kwenda kuwa walimu ng'ambo ya mipaka yao.

Waswa alikuwa mmoja wao. Aliacha pombe na bangi, akabatizwa mwaka 1895, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri wa Matendo 18 aliyekubali kufundishwa zaidi na fundi wa mahema na mkewe. Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu wakamcheka hadi kicheko kikawa jina.

Akapelekwa Toro, na mwaka 1896 akavuka Ruwenzori kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Kwa sasa ni mashariki ya Kongo. Ili mpate picha, kilele cha Ruwenzori kinapita mita 5,000, karibu mara mbili ya kilele cha Uluguru wetu. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa kuwa mtawala wa Mboga, Tabaro, aliwafanyia maisha kuwa magumu hata chakula wakakosa. Inasimuliwa kwamba Apolo alibeba jembe, ili wakimnyima chakula alime mwenyewe. Kwa Mganda mwanamume wa siku zile kulima chakula kulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake, basi jembe lile lilikuwa tayari hubiri.

Alifundisha kusoma, akakemea ulevi na hirizi, na Tabaro akakasirika. Kisha ikatokea ajali. Katika siku za kukata majani ya kujengea, mkuki wa Apolo ulikuwa umeachwa majanini, na dada yake Tabaro akauangukia akafa. Apolo akashtakiwa kwamba amemuua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro chini ya ulinzi na kutiwa gerezani kungojea hukumu, hadi ilipoonekana kwamba hana hatia, akaachiliwa.

Katika siku zile za kifungo, kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, alimwona Kristo katika ndoto, aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Sisi hatujengi fundisho juu ya ndoto ya mtu, wala hatuambiwi tuzitafute ndoto. Isaya 8:20 inatosha kutulinda. Lakini jambo moja linapimika. Ndoto ile ilimrudisha Mboga, kwa watu wale wale waliompiga. Ndoto nyingi za siku hizi humtoa mtu mahali pa shida na kumpeleka penye raha. Apolo alirudi, akaendelea kufundisha, na Tabaro mwenyewe hatimaye alibatizwa, akaitwa Paulo.

Wengi wanaosimulia habari zake huishia hapo, gerezani na kwa Tabaro. Mimi naona jaribu lililo kubwa zaidi lilikuja baadaye, na lilikuja bila fimbo.

Aliitwa kufanya kazi Toro. Toro ya wakati huo ilikuwa na mtawala Mkristo, Daudi Kasagama, aliyebatizwa mwaka 1896. Aliyeikubali Injili hakupigwa tena, aliheshimiwa. Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi wa Kanglikana, mwaka 1903 akawa kasisi. (Ndio mwaka ule ule ambao wamishonari wa kwanza wa Kiadventista waliingia nchi yetu na kuanza kazi huko Upare. Apolo hakupata nuru ya Sabato, alitembea katika nuru aliyokuwa nayo, na Mungu hakuidharau.) Alikuwa na makanisa ya kutembelea, walimu wa kusimamia, majengo, ubatizo, mashauri ya ndoa, mabaraza. Yote ni mema. Miaka ikapita zaidi ya kumi hivyo.

Ninyi wazee wa makanisa, wakuu wa Shule ya Sabato, mashemasi wa kike na wa kiume, mnazijua siku za namna hiyo. Nami nazijua. Msimu uliopita wa makambi niliamka saa kumi ya usiku, siyo kwa ajili ya kesha la asubuhi bali kumalizia ripoti ya idara. Jioni, familia ilipokusanyika kwa ibada, mke wangu aliuliza swali kutoka katika fungu tulilosoma, nami nikajibu juu ya bajeti ya mahema. Watoto walicheka. Baadaye nilifungua Biblia iliyomo kwenye simu nisome fungu lile upya, ikaingia meseji ya kanisani, nikaijibu, ikaingia nyingine. Sikulala nimetenda dhambi iliyoandikwa popote. Lakini nililala bila kusikia kitu. Kelele za dunia tunazikemea mimbarani kila mwaka: mpira, vikoba, tamthilia, biashara ya mchele. Kelele za kazi ya kanisa hakuna anayezikemea, kwa kuwa zimevaa nguo ya ibada. Martha katika Luka 10 hakuwa sokoni. Alikuwa akimwandalia Yesu.

Swali la kujadili, na msilikimbie: katika juma lililopita, ni lini Neno lilikuzuia kufanya jambo ulilokuwa umeshaamua? Kama hukumbuki, je, ni kwa sababu mipango yako yote ilikuwa sawa?

Turudi kwa Apolo. Katika miaka ya 1910 mpaka kati ya Uganda na Kongo ya Wabelgiji ulipangwa upya, na Mboga ikabaki upande wa Kongo. Kanisa dogo la kule likawa chini ya serikali nyingine, mbali na maaskofu na shule. Mtu mwenye heshima Toro alikuwa na sababu nzuri za kutulia: umri wa miaka hamsini, makanisa yanayomtegemea, mlima kati yake na Mboga. Apolo alirudi kukaa Mboga.

Hata hapo hakuhesabu kwamba ameshafika. Mwaka 1921, akikaribia miaka sitini, aliona tena kwamba Kristo anasimama kando yake na kumtuma, safari hii aingie msituni kwa Wambuti, wale wawindaji wafupi wa Ituri ambao majirani zao waliwahesabu kuwa nusu watu. Fikirini uzito wa agizo hilo kwa mzee. Wambuti hawakai kijiji kimoja, kambi huhama mawindo yanapohama. Lugha hakuijua. Ushirika mkubwa hauwezi kujengwa huko haraka, wala hakuna taarifa nzuri ya kupeleka makao makuu kwa miaka mingi. Akaenda. Alipita njia za msituni, akajifunza maneno yao, akashiriki kutafsiri Injili ya Marko katika lugha yao, akawaweka walimu vijana waishi karibu na kambi. Kabla hajafa baadhi yao walibatizwa.

Mwaka 1922 kanisa lake lilimpa cheo cha heshima katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Alikipokea, na akarudi zake msituni.

Alikuwa na mazoea ya kuandika kumbukumbu za kila siku kwa Kiganda, na daftari hizo zimehifadhiwa. Sehemu kubwa ni mambo madogo: amekwenda wapi, amefundisha nani, amepanda nini, nani mgonjwa. Hakuoa, na mali aliyoweza kujiwekea hakuiweka. Nadhani humo katika mambo madogo ndimo sikio lake lilimotunzwa. Aliyezoea kuitika anapotumwa kwa mgonjwa mmoja ng'ambo ya kijito hakushangaa sana alipotumwa ng'ambo ya msitu. Samweli naye, kabla ya usiku ule, kazi yake ilikuwa kufungua milango asubuhi. Baada ya usiku ule pia, sura inasema alilala hata asubuhi, akaamka, akafungua milango.

Katika darasa lenu, kabla ya kumaliza, kila mmoja ataje jambo moja dogo aliloonyeshwa akaliahirisha: deni la gunia la jirani, barua kwa mzazi, mtoto wa pili asiyekuja tena kanisani. Msilijadili. Litajeni tu, kisha muombe.

Apolo aliugua, akafia Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza namna ya kumzika. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha, nao wakamlaza hivyo.