Zinzendorf na neno la kila asubuhi

Wengi wetu hapa Bulyaga tumekulia katika nyumba ambazo siku huanza kwa mstari mmoja wa Biblia na sala fupi. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na desturi hiyo ikiwa tayari ina zaidi ya miaka 160. Katika makala haya tunamwangalia aliyeianzisha, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf wa Ujerumani.

Alizaliwa Dresden tarehe 26 Mei 1700 katika ukoo wa kikabaila. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa wiki chache tu, akalelewa na bibi yake, mama mcha Mungu aliyemzoesha kusali tangu utotoni. Alisomea sheria, akapata kazi serikalini.

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Jamhuri ya Cheki, walifika kwenye ardhi yake. Kwao waliteswa kwa sababu ya imani. Zinzendorf aliwaruhusu kujenga kijiji, kikaitwa Herrnhut. Baadaye walikuja na wengine wenye mapokeo tofauti. Kufikia 1727 kijiji kilikuwa na watu zaidi ya 200, na ugomvi mwingi kuhusu mambo ya ibada. Waliokimbia kwao kwa ajili ya Biblia walikuwa karibu kutawanyika kwa kuigombania.

Zinzendorf aliacha kazi yake Dresden, akahamia kijijini, akapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na waliokosana. Mwezi Mei waliweka saini mapatano ya kuishi pamoja. Tarehe 13 Agosti 1727 walishiriki Meza ya Bwana wakiwa wamepatana.

Lakini kupatana siku moja ni rahisi kuliko kuendelea kupatana. Tarehe 27 Agosti wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, kila mmoja na saa yake ya kuomba, usiku na mchana. Zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya jioni, Zinzendorf aliwapa neno fupi la kushika kesho yake. Tangu hapo kila asubuhi neno la siku lilipelekwa nyumba hadi nyumba, na aliyelipeleka aliuliza pia hali ya wenye nyumba. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kuwa kitabu.

Tunaona kwa nini desturi hii ilidumu. Neno lilikuwa fupi, hata mwenye kazi nyingi za shamba aliweza kwenda nalo. Tena hakuna aliyeachwa peke yake: mgonjwa na aliyekata tamaa walibishiwa hodi, na mwenye zamu alijua kuna mwenzake anayemtegemea.

Mwaka 1736 Zinzendorf alifukuzwa Saxony, akaruhusiwa kurudi mwaka 1747. Desturi haikukatika. Alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760, na leo kitabu hicho hutolewa kila mwaka katika lugha zaidi ya 50.

Kwa familia inayotaka kuanza, mfano wa Herrnhut hauhitaji mengi: mstari mmoja, saa ile ile kila siku, na jirani wa kukuuliza kesho kama umeusoma.