Mwalimu wa Pugu na Kura Zilizokataliwa

Asafiriye leo kutoka Gongo la Mboto kwenda Pugu hupita njia ambayo Julius Kambarage Nyerere aliijua kwa nyayo zake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alipata kazi ya ualimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na husimuliwa kwamba alikuwa akienda mjini kwa miguu, mwendo wa kilomita 20 hivi, kuhudhuria mikutano. Mwaka 1955 ilimpasa achague baina ya shule na siasa, naye akauacha ualimu pamoja na mshahara wake.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini baraza lile lilijaa watumishi wa serikali na wateule wa Gavana. Hoja njema yaweza kushindwa hata kabla haijasemwa. Alipinga hasa sheria ya kura tatu, iliyomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, hali Waafrika walikuwa watu 98 katika kila 100. Mapendekezo yake yalikataliwa, na Desemba akajiuzulu.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Ajabu ni kwamba yule yule aliyeshindwa barazani ndiye aliyewasihi waingie, kwa kuwa kususia kungewaachia UTP, chama kilichopendwa na serikali, viti vyote bila jasho. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaenda kuunda chama chake. Waliobaki waliwatafuta Wazungu na Waasia wenye nia njema, wakawaunga mkono akina Derek Bryceson, Lady Chesham na Amir Jamal. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 upande wa TANU ulishinda, na sheria iliyotungwa kuwatenga watu kwa rangi ikawakalisha meza moja. Kabla ya uchaguzi wa 1960 kura tatu ilikwisha kufutwa.

Oktoba 1961 zamu ya kupingwa ikawa yake. Baadhi ya wabunge wa chama chake walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere alijibu kwa ukali kwamba wakishinda, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita bila ubaguzi ule.

Haifai kuficha kwamba mwaka 1965, chini ya uongozi wake, nchi iliwekwa chini ya chama kimoja, na mpinzani akakosa kiti cha kukalia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, ijapokuwa wengi wa walioulizwa na tume ya Jaji Francis Nyalali walitaka chama kimoja kibaki, mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliohimiza mlango ufunguliwe. Ulifunguliwa mwaka 1992.