Flory: Bingwa wa polima aliyekubali kuwa mateka

WENGI wavaao nguo za nailoni au wachotao maji kwa ndoo za plastiki hawajapata kulisikia jina la Paul John Flory. Hata hivyo, ndiye aliyewafunulia wanasayansi jinsi minyororo mirefu ya molekuli, yaani polima, inavyojikunja na kusongamana ndani ya vitu hivyo.

Flory alizaliwa Juni 19, 1910 mjini Sterling, jimbo la Illinois, Marekani. Alihitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mnamo 1934, wakati mdororo wa uchumi ulikuwa umewanyima wengi kazi. Yeye alibahatika kuajiriwa na kampuni ya DuPont, chini ya Wallace Carothers, mvumbuzi wa nailoni.

Carothers ndiye aliyemwelekeza kutumia hisabati kuielewa minyororo hiyo. Lakini Aprili 1937 mlezi wake huyo, aliyesumbuliwa na sonona kwa muda mrefu, alijitoa uhai. Mwaka uliofuata Flory alihamia Cincinnati. Vita Vikuu vya Pili vilipotishia kuikatia Marekani mpira wa asili kutoka Asia, alirejea viwandani kusaidia utafiti wa mpira wa kutengenezwa.

Mnamo 1948 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell, na mihadhara aliyoitoa huko ikazaa kitabu chake maarufu cha 1953. Humo alishikilia kwamba katika plastiki iliyoyeyuka, kila mnyororo hujikunja ovyo kana kwamba upo peke yake, ingawa umezungukwa na mingine mingi. Hali hiyo ni mithili ya tambi zilizopikwa: kila uzi hupenya katikati ya nyuzi nyingine, na ukiuvuta mmoja, mingine huushikilia. Mshikamano huo ndio huipa plastiki sehemu kubwa ya uimara wake.

Wapo wataalamu waliotilia shaka dai hilo kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 1970 ambapo majaribio ya miali ya nyutroni yalithibitisha kwamba hesabu za Flory zilikuwa sahihi. Mnamo 1974 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Watafiti waliomfuata walijiuliza: je, minyororo hiyo ikibanwa ndani ya utando ulio mwembamba kuliko upana wa mnyororo uliojikunja, itakuwaje? Utando wa aina hiyo hupimwa kwa nanomita, ambapo nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ilibainika kwamba mnyororo hubanwa juu na chini bila kutanuka sana kando. Hivyo eneo lake hupungua, nayo minyororo mingine hukosa nafasi ya kupenya humo. Mafundo baina yao yakipungua, utando huvutika zaidi na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Elimu hiyo ina uzito katika kutengeneza vifaa vya kielektroniki na mipako myembamba.

Baada ya kupokea tuzo, Flory hakujifungia maabarani. Alitumia sifa yake kuwatetea wanasayansi waliokandamizwa katika Muungano wa Kisovieti. Serikali ya huko ilipomzuia Yelena Bonner, mkewe mwanafizikia Andrei Sakharov, kwenda ng'ambo kutibiwa, Flory alijitolea ashikwe mateka badala yake hadi mama huyo arejee. Wakuu wa Moscow hawakumjibu.

Flory alifariki dunia Septemba 1985 kutokana na mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 75, katika eneo la Big Sur, California. Miezi mitatu baadaye, Desemba 1985, Bonner alisafiri, na mwezi uliofuata akafanyiwa upasuaji wa moyo nchini Marekani. Aliyekuwa tayari kuutoa uhuru wake kwa ajili hiyo hakuwahi kuishuhudia siku hiyo.