Linus Pauling: Gwiji wa Nobel mbili aliyeteleza kwa vitamini C

UKIONA msee wa jimu akidondosha kidonge cha vitamini C ndani ya chupa ya maji, povu likapanda, jua nyuma ya hiyo stori kuna mzee mmoja wa Marekani. Jina lake Linus Pauling.

Alizaliwa 1901 mjini Portland, Oregon. Babake, muuza dawa, alifariki Linus akiwa na miaka tisa tu, mama akaachwa na watoto watatu. Kijana alisoma huku akifanya vibarua. Shule ya upili aliiacha 1917 bila cheti, kisa alikuwa hajamaliza somo la historia ya Marekani. Cheti kilikuja kumfikia 1962, wakati tayari ana Nobel nyumbani!

Maze, huyu jamaa alikuwa na kichwa. Alieleza jinsi atomu zinavyoshikana, akapewa Nobel ya Kemia 1954. Kabla ya hapo, 1949, yeye na wenzake walionyesha kuwa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani zinaujua, hutokana na kasoro ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu.

Hakuogopa wakubwa pia. Serikali yake ilimnyima pasipoti 1952 ikimshuku kuwa mkomunisti. Yeye na mkewe, Ava Helen, wakakusanya sahihi za wanasayansi zaidi ya 11,000 kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia, na 1958 zikapelekwa Umoja wa Mataifa. Hapo akapata Nobel ya Amani ya 1962. Hadi leo hakuna mwingine aliyepata Nobel mbili bila kugawana na mtu.

Halafu vitamini zikaingia. Mnamo 1966 mwanakemia Irwin Stone alimwandikia barua akimshauri ameze vitamini C kwa wingi. Pauling alijaribu, akahisi mafua yamepungua, na 1970 akatoa kitabu kuhusu jambo hilo. Watu wakavamia maduka ya dawa. Yeye mwenyewe alifikia gramu 18 kwa siku, yaani vidonge 18 vya miligramu 1,000, ilhali mwanamume mzima anahitaji kama miligramu 90. Machungwa mawili yanatosha.

Baadaye alisema inasaidia hata wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Mayo Clinic ikalipima dai hilo mara mbili, majibu yakatoka 1979 na 1985: hakuna tofauti. Pauling alipinga jinsi majaribio yalivyofanywa, akashikilia lake. Ava Helen alifariki 1981 kwa saratani ya tumbo. Pauling alimfuata Agosti 1994 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 93.

Sasa hii inakuhusu vipi wewe unayebeba vyuma? Vitamini C na E ni antioksidanti. Mwili ukitoa jasho hutengeneza chembe kali za oksijeni, na antioksidanti huzizima. Inasikika poa, sivyo? Lakini chembe hizo pia ni kengele inayouamsha msuli ujijenge. Ukiizima kengele, msuli unaendelea kulala.

Watafiti wa Ujerumani walionyesha hilo 2009. Vijana waliofanya mazoezi wiki nne bila vidonge, miili yao ilianza kutumia sukari vizuri zaidi. Waliomeza vitamini C na E, faida hiyo haikuonekana. Mwaka wa 2014 wenzao wa Norway wakapima watu waliobeba vyuma wiki kumi. Misuli ilikua karibu sawa kwa pande zote, ila kwa waliomeza vidonge ishara za kujenga msuli zilififia, na kwa zoezi la kukunja mkono, nguvu yao haikuongezeka kama ya wenzao.

Kama daktari amekuandikia, meza. Lakini kama ni kwa sababu jamaa wa jimu amesema, hiyo doo nunua mayai, ndengu na machungwa. Pauling alithibitisha mambo makubwa kwa vipimo, ila kwa vitamini C alitangulia kuamini, vipimo vikaja nyuma. Na kama kichwa chenye Nobel mbili kiliteleza hapo, yule anayekuuzia mkebe pale jimu muulize kwanza: nani amepima?