Maisha ya William Fairbairn, Fundi Aliyepima Viungo

Muhula huu kitanda cha jirani yangu bwenini kilivunjika. Nilipokitazama niliona kwamba bamba la chuma halikukatika katikati, bali lilichanika pale pale penye tundu la bolti. Nikajiuliza, kwa nini pale? Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye maisha ya Bwana William Fairbairn, nami napenda kuwasimulia wenzangu habari zake.

Fairbairn alizaliwa Kelso, Uskochi, mwaka 1789, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa kijana alipata kibarua kwenye ujenzi wa daraja la mji wao, lakini baada ya muda mfupi jiwe lilimwangukia mguuni akaumia sana. Mwaka 1804 akawa mwanagenzi katika mgodi wa makaa ya mawe karibu na Newcastle. Mchana alifanya kazi, na jioni alijifundisha hesabu kwa ratiba aliyojipangia mwenyewe. Huko akafanya urafiki na George Stephenson, ambaye baadaye alisifika kwa magari-moshi.

Mwaka 1813 alihamia Manchester, na baadaye akafungua karakana yake. Siku zile viwanda viliendeshwa kwa mvuke, na maboila yalitengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa ribiti. Mara kwa mara boila lilipasuka na kuua wafanyakazi. Hata hivyo watu wengi waliamini kwamba penye kiungo ndipo penye nguvu zaidi, maana mabamba mawili yamelaliana.

Fairbairn hakutosheka na maneno. Mwaka 1838 alianza kuvuta mabamba kwa mtambo mpaka yakatike, akaandika kila kipimo. Aliona kwamba ikiwa nguvu ya bamba zima ni 100, kiungo chenye safu mbili za ribiti kina 70, na chenye safu moja kina 56 tu. Sababu yake ni hii: kila tundu huondoa chuma, na mzigo wote hupita katika vipande vyembamba vilivyobaki baina ya matundu. Basi bamba huchanika kutoka tundu hadi tundu. Ikiwa ribiti ni dhaifu, hukatika yenyewe; na tundu likiwa karibu mno na ukingo, ukingo hung'oka.

Maarifa hayo yalitumika katika madaraja ya mabomba ya chuma ya Wales, lile la Conwy la mwaka 1848 na la Britannia la mwaka 1850. Tena mwaka 1854 alisaidia kuanzisha chama cha kukagua maboila huko Manchester, ili hatari ijulikane kabla ya mauti. Alifariki mwaka 1874.

Je, habari hizi zimepitwa na wakati? Hapana. Siku hizi sehemu nyingi za ndege hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Humo mambo ni magumu zaidi. Chuma hunyumbuka kabla ya kukatika, hata bolti iliyoelemewa huwagawia wenzake mzigo. Nyuzi hazinyumbuki hivyo, na keekee ikitoboa tundu huzikata nyuzi zenyewe. Kwa hiyo mafundi huziweka bolti mbali na ukingo, na huzipanga nyuzi kuelekea pande mbalimbali. Hupenda kiungo kikishindwa kianze kwa tundu kubonyea polepole, kwa maana hapo kuna onyo. Bamba likichanika ghafula hakuna onyo lolote.

Mimi nimejifunza jambo moja. Fairbairn hakusoma shule kubwa, lakini alikataa kuamini kitu ambacho kingeweza kupimwa. Nasi tunaopita kila siku juu ya madaraja na chini ya mapaa ya chuma, tusitazame ukubwa wa chuma peke yake. Tutazame na matundu.